Ujenzi wa Kibera na Kawangware: Jinsi Mkubwa Amfundishavyo Mdogo

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi na kushika Barabara ya Ngong hupita kwanza kwenye majumba marefu ya afisi, akaiacha Hospitali ya Kenyatta upande wa kushoto, na baada ya maili chache hufika karibu na soko la Toi, lililo mashuhuri kwa nguo za mitumba. Akigeuka kushoto hapo ataingia Makina, mlango mmojawapo wa Kibera. Asipogeuka, bali akafuata barabara ile ile mpaka Dagoretti Corner, kisha akashika Barabara ya Naivasha upande wa kulia, atafika Kawangware. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuitembelea mitaa yote miwili kwa asubuhi moja.

Majina ya mitaa hii yanapotajwa, watu wengi hufikiri habari za matope, mabati na vyumba vilivyosongamana. Mambo hayo yapo, wala hapana haja ya kuyaficha. Lakini iko habari nyingine isiyosemwa sana, nayo yamhusu kila mtu atakaye kujenga nyumba, hata mkulima aliye mbali na mji. Kibera na Kawangware ni mahali ambapo kazi ya ujenzi hufundishwa kila siku, mkubwa akimfundisha mdogo. Na katika miaka ya karibuni wanafunzi wa vyuo vikuu nao wamekwenda kujifunza huko. Yafaa kutazama jinsi elimu hiyo ipitavyo kutoka mtu hadi mtu, na hasara ipatikanayo pale inapokatika.

KIBERA, ARDHI YA ASKARI

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake mwitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa Kisudani wa jeshi la K.A.R., ambalo wenyeji waliliita Keya, walikalishwa katika mwitu huo pamoja na jamaa zao. Mwaka 1918 Serikali ya wakati ule ilitangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Hata leo kijiji kimoja cha Kibera chaitwa Laini Saba, jina lililobaki tangu siku za askari kujifunza shabaha.

Wazee wale walipewa ruhusa ya kukaa, lakini hawakupewa hati. Mji ulipokua, watu wa makabila mengine walikuja kutafuta kazi, wakapanga vyumba, na vijiji vikaongezeka: Lindi, Silanga, Kianda, Gatwekera, Mashimoni, Soweto na vinginevyo. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288, lakini sehemu kubwa ya Kibera imebaki kuwa ardhi ya Serikali.

Jambo hili la hati ndilo lililoamua sura ya nyumba. Mtu asiye na hakika ya ardhi hajengi kwa mawe, maana kilichojengwa leo chaweza kubomolewa kesho. Basi nyumba ya kawaida ya Kibera ni ya miti na udongo, au ya mabati matupu, na chumba chake ni kama futi 10 au 12 kila upande. Vyumba hupangwa safu moja ndefu chini ya paa moja, na mlango wa kila chumba hutazama kichochoro.

Mpita njia hudhani kwamba nyumba kama hiyo haihitaji ujuzi. Sivyo. Fundi huchagua miti iliyonyooka, huijua ile itakayoliwa na mchwa, hupima kwa kamba, hufunga fito, huchanganya udongo na maji kwa kipimo, na hujua ni siku ngapi ukuta uachwe ukauke kabla ya kupakwa saruji nje. Hujua pia maji ya mvua yatapita wapi, kwa kuwa Kibera iko kwenye mteremko ushukao mpaka Mto Ngong, na nyumba iliyozuia njia ya maji haimalizi masika mawili.

Ujuzi huo haukuandikwa katika kitabu chochote. Kijana huanza kwa kuteka maji na kukanyaga udongo. Baadaye hupewa kufunga fito, kisha kusimamisha nguzo huku fundi akimtazama. Naye akija kijana mwingine mgeni, yule wa kwanza humwonyesha jinsi ya kukanyaga udongo. Hivyo fundi mmoja huwa na wanafunzi wa daraja mbalimbali mahali pamoja, na mengi hawajifunzi kwake yeye, bali kwa aliyewatangulia mwaka mmoja au miwili.

KAWANGWARE, ARDHI YENYE WENYEWE

Kawangware ni habari nyingine. Wazee husema jina lake latokana na ngware, ndege ambaye kwa Kiswahili ni kwale, waliokuwa wengi zamani hizo za mashamba. Sehemu hizi za Dagoretti zilikuwa katika Wilaya ya Kiambu mpaka mwaka 1963, mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa. Ardhi ni ya watu binafsi wenye hati zao. Mwenye shamba aliona kwamba chumba cha kupangisha chaleta fedha kuliko mahindi, akakata ploti, akajenga vyumba kuzunguka ua mmoja. Magari ya abiria yalipokuja, vituo viliitwa kwa namba za safari zake, na mpaka leo mtu husema akaa Kawangware 46 au Kawangware 56.

Kwa kuwa mwenye ardhi hana hofu ya kuondolewa, hujenga kwa mawe ya kuchonga na kwa zege, na kila mwaka nyumba zazidi kwenda juu. Mahali palipokuwa na safu za vyumba vya mabati sasa pana ghorofa tano au sita. Msafiri apitaye huko asubuhi huwaona vijana wamekaa kando ya barabara wakingoja kazi ya mjengo. Wengi ni watu wa mkono, yaani wasaidizi wa fundi. Ujira wao ni mdogo kuliko wa fundi, lakini kazi ile ndiyo shule yao.

Mtu wa mkono hubeba mawe na karai la saruji. Akiwa mwangalifu, huona jinsi fundi ashikavyo mwiko, jinsi atumiavyo pima maji na timazi, na jinsi awekavyo jiwe la pembeni kabla ya kuvuta kamba. Siku moja fundi hupumzika na kumwambia, "Haya, weka wewe mstari huu." Ukipinda, hubomolewa mbele ya macho ya wote, naye huuanza tena. Hakuna cheti apewacho. Cheti chake ni ukuta.

Desturi hii si ngeni. Maseremala walio kando ya Barabara ya Ngong wamefundishana vivyo hivyo kwa miaka mingi, na hata katika vyuo vya Kurani mtoto aliyekwisha kuendelea humsikiliza mdogo wake kabla mwalimu hajamfikia.

KASORO YA KUJIFUNZA KWA MACHO TU

Lakini haifai kuisifu desturi hii bila kuonyesha kasoro yake. Kijana hurithi ujuzi wa fundi, na hurithi ujinga wake pia. Fundi aliyezoea nyumba ya chini akiitwa kujenga ghorofa tano, aweza kutia vyuma vile vile katika nguzo, na kuchanganya zege kwa kipimo kile kile, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa. Ukuta wake utanyooka kwa timazi, na nyumba itapendeza machoni, lakini uzito hauhesabiwi kwa macho.

Tarehe 29 Aprili 2016 nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, upande wa mashariki wa Nairobi, wakati wa mvua kubwa, ikaua watu wapatao 50. Tarehe 23 Septemba 2019 jengo la shule moja lilianguka asubuhi katika mtaa wa Ngando, usio mbali na Dagoretti Corner, watoto wakiwa darasani. Katika kifusi yalionekana mabati, mbao na zege vimechanganyika. Watoto wasiopungua 7 walikufa. Wazazi waliowapeleka watoto wao pale walikuwa watu wa kazi za kawaida, waliolipa karo kwa taabu ili watoto wapate elimu.

Mambo kama hayo yanapotokea, watu huuliza, "Mhandisi alikuwa wapi? Msanifu wa majengo alikuwa wapi?" Ni maswali ya haki. Kwa hiyo yafaa kumtazama msanifu huyo naye, na kuona afundishwavyo.

CHUMBA CHA KUCHOREA

Mafunzo ya usanifu wa majengo katika Nairobi yalianza mwaka 1956, chuo kilichoitwa Royal Technical College kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Kwa muda mrefu kijana wa Afrika ya Mashariki aliyetaka kazi hii bila kwenda ng'ambo alikuwa hana mahali pengine ila hapo. Baadaye mafunzo yakaanzishwa Dar es Salaam, Kampala na kwingineko.

Mwanafunzi wa kazi hii hakai tu akimsikiliza mwalimu na kuandika. Sehemu kubwa ya siku zake huipitisha katika chumba cha kuchorea. Hupewa shauri moja, kama vile kuchora zahanati kwa kijiji chenye maji haba, naye hulichora, hulifuta, hutengeneza mfano mdogo wa karatasi ngumu, kisha hutundika kazi yake ukutani na kuieleza mbele ya walimu na wenzake. Hapo huulizwa: mgonjwa aingie wapi? Maji ya paa yaenda wapi? Mbona dirisha latazama jua la magharibi? Asiyekuwa na jibu hurudi kuchora.

Katika baadhi ya vyuo vya ulimwengu wanafunzi wa miaka mbalimbali huwekwa katika chumba kimoja cha kuchorea na kupewa shauri moja, wa mwaka wa pili pamoja na wa mwaka wa nne. Wazo hili si jipya. Katika shule kuu ya sanaa ya Paris, mpaka mafunzo ya usanifu yalipoondolewa hapo mwaka 1968, wageni na wakongwe walifanya kazi katika karakana moja chini ya bwana mmoja. Wageni waliwasaidia wakongwe kumaliza michoro yao ya mashindano, na saa ilipofika michoro hiyo ilipelekwa kwa mkokoteni. Hata leo wasanifu wa nchi nyingi hulitumia neno la Kifaransa la mkokoteni, charrette, kwa maana ya kazi ya haraka ya kumaliza kabla ya saa. Nako London, mwaka 1847, vijana waliokuwa wakijifunza kazi katika afisi za wasanifu waliona hawafundishwi vya kutosha, wakaunda chama cha kufundishana wao kwa wao. Chama hicho, Architectural Association, kilikuja kuwa shule mashuhuri, nayo ingaliko.

Faida ya kuchanganya miaka yaonekana upesi. Mdogo huiona njia iliyo mbele yake; huona kwamba hata yule wa mwaka wa nne hukosea na kufuta, naye hapotezi moyo. Mkubwa hupata faida kubwa zaidi, kwa sababu mtu hajui kama amelielewa jambo mpaka atakapomweleza mwingine. Aliyedhani ajua ngazi hupimwa vipi, akiulizwa na mdogo, "Kwa nini kila hatua iwe na kimo sawa?" hulazimika kufikiri upya: mguu hukumbuka hatua iliyotangulia, na hatua moja ikizidi, mtu hujikwaa.

Hasara nazo zipo. Mdogo aweza kuwa mtumishi wa mkubwa, akakata karatasi mwaka mzima asijifunze neno. Aweza pia kuiga tu mtindo wa mkubwa, kama vile mtu wa mkono aigavyo kosa la fundi. Na mwalimu asiye mwangalifu huwapima wote kwa mizani moja, mdogo akaonekana mjinga. Kwa hiyo kuchanganya miaka hakuondoi kazi ya mwalimu, bali huiongeza. Sharti aamue kila mmoja ajifunze nini, na ahakikishe kwamba mdogo naye husema.

WANAFUNZI WANAPOSHUKA MTONI

Chumba cha kuchorea nacho kina upungufu wake. Kina wanafunzi na walimu, lakini hakina mwenye nyumba. Mama anayeuza mboga hakai humo aseme kwamba mlango wake ndio duka lake. Ndiyo sababu wengine wameona wanafunzi hawana budi kwenda mahali penyewe.

Mwaka 2006 wanafunzi sita wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliunda chama kiitwacho Kounkuey Design Initiative. Miongoni mwao alikuwa Mkenya, Arthur Adeya, na neno Kounkuey walilipata kwa mwenzao Mthai, maana yake ni kujua kitu kwa undani. Walianza kazi Soweto Mashariki, Kibera, kando ya Mto Ngong, mahali palipokuwa jaa la taka. Hawakuja na mchoro uliokwisha. Walikaa na wenyeji, wakauliza ni kitu gani kitakachofaa, ni nani atakayekitunza, na fedha za kukitunza zitatoka wapi. Wenyeji wakaunda kikundi chao, ukingo wa mto ukaimarishwa kwa mawe, pakajengwa ukumbi na mahali pa watoto kucheza, na akina mama wakasuka vikapu kwa magugu ya majini. Tangu hapo pamejengwa mahali pengi pa namna hiyo katika Kibera. Hapo mwanafunzi alimfundisha mwenyeji kusoma mchoro, na mwenyeji alimfundisha mwanafunzi kuusoma mto: mwaka gani ulifurika, na maji yalifika mlango wa nani.

Mfano wa pili ni wa ramani. Mpaka mwaka 2009 Kibera ilikuwa kama nafasi tupu katika ramani nyingi. Mwaka huo vijana 13 wa vijiji vya Kibera walifundishwa kupima njia, visima, vyoo, shule na zahanati, wakaviweka katika ramani iliyo wazi kwa watu wote. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Baadaye ujuzi huo ulipelekwa Mathare, na vijana wa huko wakaichora mitaa yao. Mwaka ule ule wa 2009, hesabu ya watu ya Serikali ilipata watu 170,070 katika Kibera, ingawa kwa miaka mingi ilikuwa ikisemwa kwamba wapo milioni moja. Hayo yaonyesha jinsi watu wanavyoweza kusema sana juu ya mahali pasipopimwa.

MCHORO USIOULIZA

Kinyume cha hayo kimeonekana pia. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Langata. Nyumba na shule kadhaa zilibomolewa, na maelfu ya watu wakakosa makao. Barabara ni kitu cha maana, wala mji hauwezi kukua bila barabara. Lakini mstari uliochorwa mezani kwa rula hupita juu ya kitanda cha mtu, na ni heri mchoraji akakijua kitanda hicho kabla ya tingatinga kukijua.

Hata kazi njema ina mafunzo yake. Chini ya mpango wa Serikali wa kutengeneza mitaa, uliofanywa pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa nyumba za muda karibu na Langata mwaka 2009, na mwaka 2016 nyumba 822 za ghorofa zilikuwa tayari katika mahali pao pa zamani. Nyumba hizo zina maji, vyoo na taa. Lakini mtu aliyezoea kukaanga mandazi mlangoni, akipewa chumba cha ghorofa ya nne, amepata nyumba na kupoteza duka. Mchoraji aliyekaa na mwuza mandazi angalijua kwamba chini ya jumba hapana budi pawe na vibanda. Asiyekaa naye hawezi kulijua jambo hilo, hata awe na akili namna gani.

FUNZO KWA AJENGAYE

Habari hizi haziwahusu watu wa Nairobi peke yao. Karani anayeweka akiba ili ajenge nyumbani, na mkulima aliyeuza chai yake na kununua mabati, wote wawili watamwita fundi. Yafaa wamwulize alijifunza kwa nani, na amejenga nini kilichosimama miaka 10. Ikiwa nyumba itapanda ghorofa, mchoro wa msanifu na hesabu ya mhandisi si anasa. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kifusi. Na ikiwa katika ukoo yuko kijana asomaye kazi hii chuoni, asiachwe akae chumbani wakati wa likizo. Apewe karai, asimame karibu na fundi mzee, amwulize naye aulizwe. Fundi ataona jinsi vyuma vihesabiwavyo, na kijana ataona jinsi saruji inavyokataa kufuata mchoro siku ya jua kali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zilizo katika kuta huonekana kwa macho, na fundi huitwa. Ufa ulio kati ya wachorao na wajengao, na kati ya hao wote na wale watakaolala ndani ya nyumba, hauonekani upesi. Katika vichochoro vya Kibera na ploti za Kawangware wako watu wanaouziba kidogo kidogo, mwenye kujua jambo akimwonyesha asiyelijua, na kesho akionyeshwa jingine naye.